Nakala siyo feki: jinsi fundi wa Lushoto anavyoweza kushona mfarishi wa mwaka 1863 na kuuza mtandaoni

Leo tunaongea na mafundi cherehani, hasa nyie wa milimani: Lushoto mjini, Soni, Mlalo, Bumbuli, Mtae. Ila hata kama uko Mbeya au Dar na unauza mapazia, soma tu. Hesabu ya bei iliyoko huku chini inamhusu kila anayeuza kazi ya mikono.

Kila fundi ana gunia la vipande chini ya meza. Mabaki ya vitenge, mabaki ya mashati, mabaki ya sare za shule. Wengi wetu tunavitumia kufutia cherehani au kuwashia jiko. Wakati huohuo kuna watu duniani wanalipa hela nzuri kwa vipande kama hivyo vikishonwa vizuri, kwa mpangilio wa zamani. Hiyo ndo biashara ya leo: kushona nakala ya mfarishi wa kale.

Mfarishi ni nini? Ni shuka nene la tabaka tatu: juu kitambaa, katikati pamba, chini kitambaa, vyote vimeshonwa pamoja visicheze. Mfarishi wa vipande ni ule ambao upande wa juu umeungwa kwa vipande vidogo vidogo. Na mfarishi wa sampuli ni ule ambao kila mraba una umbo lake, haurudiwi. Unaweza kuutazama kama daftari la fundi: kila mraba ni zoezi jipya.

MFARISHI WENYEWE TUNAOUIGA

Ipo mifarishi mingi ya kale, ila mmoja umeigwa na washonaji wengi sana duniani. Aliushona mama mmoja wa Marekani, Jane Stickle, wa kijiji cha Shaftsbury, jimbo la Vermont. Vermont ni sehemu ya milima na baridi, kwa hiyo mtu wa Lushoto anaelewa kabisa kwa nini watu walishona mablanketi mazito.

Mfarishi huo una miraba 169, mistari 13 kwa 13. Pembeni kuna pembetatu 52, na kona nne. Jumla maumbo 225. Upana wake ni kama mita mbili kila upande. Na katika kona moja mama Jane aliandika kwa uzi mambo manne: kwamba ni wakati wa vita, mwaka 1863, idadi ya vipande 5,602, na jina lake.

Vita hiyo ilikuwa ya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, 1861 hadi 1865. Leo mfarishi uko Bennington Museum, Vermont. Huonyeshwa wiki chache tu kila mwaka, kwa sababu mwanga unafubaza rangi. Mwaka 1996 mwandishi Brenda Papadakis alitoa kitabu kuhusu mfarishi huo, na tangu hapo watu wa nchi nyingi wanaushona upya.

Sasa utauliza, sisi Usambara tunahusikaje? Tunahusika kwa kitambaa. Unaijua amerikani, ile nguo ya pamba isiyopaushwa? Jina lake halikutoka hewani. Wafanyabiashara wa mji wa Salem, jimbo la Massachusetts, walikuwa wanaleta nguo hiyo Zanzibar. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sultani ulisainiwa mwaka 1833. Kutoka Zanzibar na bandari za mrima nguo iliingia bara na misafara. Vita ya Marekani ilipoanza, pamba ikakosekana viwandani, na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi kubwa sokoni. Kwa hiyo vita ileile aliyoitaja mama Jane kwenye kona ya mfarishi wake iligusa mpaka bei ya nguo huku kwetu.

Na huku milimani nako hakukuwa shwari. Mfalme wa Wasambaa, Kimweri ye Nyumbai wa Vuga, alifariki mwaka 1862. Miaka iliyofuata Wakilindi wakagombania utawala na nchi ikachafuka.

Haya yote ni kweli na unaweza kuyatumia kwenye maelezo ya bidhaa yako. Unachouza kina hadithi ya kweli, huna haja ya kutunga nyingine.

HAPA NDIPO WENGI WANAHARIBU

Nakala ni kitu halali. Tatizo ni mtu anayeshona nakala, anaichovya kwenye chai ipate rangi ya uzee, halafu anapost: "Mfarishi wa bibi, una miaka mia." Hiyo siyo mbinu ya mauzo, huo ni utapeli. Mteja mmoja akigundua, anapiga skrini na kuisambaza, na jina la ukurasa wako limekwisha. Kulijenga upya ni kazi kuliko kushona vipande 5,602.

Na kuna suala la sheria. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu hapa nchini kabla ya mwaka 1863. Ndiyo, mwaka uleule. Huwezi kuvichukua na kuvitoa nje ya nchi kiholela. Sasa wewe unamwandikia mteja wa Ujerumani kwamba kifurushi kina "kitu cha kale cha Tanzania", unajitafutia maswali ambayo huyahitaji. Andika ukweli: kazi mpya ya mikono, nakala.

Jambo la tatu ni hakimiliki. Mfarishi wa 1863 ni wa zamani mno, umbo lake hakuna anayelidai. Lakini kitabu cha 1996, michoro yake na maelezo yake, vina mwenyewe. Picha uliyoikuta kwenye tovuti ya mtu nayo ina mwenyewe. Kwa hiyo:

- Ruhusa: kutazama mfarishi wa kale, kuchora mwenyewe miraba kwenye karatasi ya grafu, kushona na kuuza.
- Siyo ruhusa: kutoa fotokopi kurasa za kitabu na kuziuza, au kutumia picha ya mtu mwingine kutangaza kazi yako.

USIANZE NA MFARISHI MZIMA

Fundi akishaona picha moto unawaka, anataka ashone wote. Tulia, piga hesabu kwanza.

Maumbo ni 225. Tuseme kila moja linakuchukua saa moja, na hapo una mkono mwepesi. Ni saa 225. Kuunganisha, kubana tabaka na kumalizia ukingo, weka saa 100. Jumla saa 325. Ukifanya saa nne kwa siku, kwa sababu sare za shule na vitenge vya harusi haviwezi kusubiri, ni siku 81. Karibu miezi mitatu bila siku ya kupumzika. Ukijilipa shilingi 2,000 kwa saa, ni shilingi 650,000 ya mikono tu, kabla ya kitambaa.

Una mteja wa kulipa hiyo leo? Kama hujampata, usifunge mtaji wako miezi mitatu. Anza na miraba tisa, utoe foronya ya mto wa kochi, inchi 16 kwa 16. Inaisha ndani ya wiki, inatumwa kirahisi, na mgeni aliyekuja kutembea Irente anaiweka kwenye begi bila shida. Ukishauza kumi, mtu mwenyewe atakuuliza: "Dada, huwezi kunitengenezea kubwa ya kitandani?" Hapo sasa unazungumza oda yenye malipo ya awali.

VITAMBAA: CHAGUA KABLA YA KUKATA

1. Pamba tupu. Vitambaa vya aina mbalimbali havisinyai sawa. Mabaki ya sare mengi ni tetroni, yana mchanganyiko wa poliesta. Ukiyaunga na kitenge cha pamba, baada ya kufua mara mbili mraba unajikunja. Jaribu kwa moto: chomoa nyuzi chache, ziwashe juu ya sahani. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu.

2. Maua madogo. Mraba mmoja ni inchi nne na nusu, na ndani yake kuna vipande vya inchi moja hivi. Kitenge chenye duara kubwa kikikatwa hivyo hakionekani kitu. Tafuta mashati ya mitumba yenye mistari au maua madogo, yaliyoandikwa pamba asilimia 100 kwenye lebo ya ndani. Shati moja la mwanaume linatoa vipande vingi sana. Kanga pia inafaa, hasa ile sehemu yenye vidoti. Ila ukikata kanga angalia maandishi. Usije ukamuuzia mtu mto wenye nusu ya methali inayosoma vibaya.

3. Rangi isiyotoka. Loweka kila kitambaa peke yake. Kisha kikiwa kibichi kiweke juu ya kitambaa cheupe, piga pasi. Cheupe kikichukua rangi, fua tena. Ukirudia mara tatu na bado kinatoa, kiache, hata kama ni kizuri kiasi gani. Chumvi na siki tunazoambiana hazizuii rangi ya kiwandani kutoka.

4. Amerikani kwa sehemu nyeupe na kwa upande wa nyuma. Ina weupe wa maziwa, kwa hiyo kazi inapata sura ya zamani bila kupakwa kitu. Wapo wanaochovya kitambaa kwenye chai ya rangi, na sisi chai hatuna shida nayo huku. Lakini chai haishiki sawasawa, inaacha mabaka, na tindikali yake inaweza kudhoofisha nyuzi kadiri miaka inavyokwenda. Anayenunua kitu cha kumrithisha mtoto hataki hivyo. Amerikani inatosha.

Fua vyote na upige pasi kabla ya kukata. Amerikani mpya inasinyaa sana. Afadhali isinyae kwenye beseni lako kuliko kwenye beseni la mteja.

Kuhusu mpangilio wa rangi: mama Jane hakutupia ovyo. Katikati kuna mraba wa kijani, na kutoka pale rangi zimepangwa kwa mafungu kuelekea pembeni. Wewe pia panga. Weka miraba yako tisa chini, panda kwenye kiti, piga picha na simu. Kwenye picha ndogo ndipo utaona rangi gani inapiga kelele.

VIPIMO: MILIMITA MBILI ZINATOSHA KUKUUMBUA

Kipimo cha mraba uliokwisha kushonwa ni inchi 4 na nusu. Kabla ya kuungwa na wenzake uwe inchi 5, kwa sababu kila upande unaacha robo inchi ya mshono. Hiyo robo inchi ndiyo roho ya kazi.

Sisi mafundi wa nguo tumezoea kuacha mshono mpana ili mteja akinenepa tufungue. Huku hapana. Ukizidisha milimita mbili tu kwa kila mraba, kwenye mstari wa miraba 13 umepotea milimita 26. Mstari mmoja unakuwa mrefu, mwingine mfupi, na mfarishi unapinda kama barabara ya kutoka Mombo.

Dawa yake ni rahisi. Chukua rula, pima robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo, kutoka kwenye ncha ya sindano kwenda kulia. Bandika plasta kwenye bamba la cherehani mahali hapo. Ukingo wa kitambaa utembee ukigusa plasta. Punguza hatua ya uzi ifike kama mishono 12 kwa inchi, maana vipande vidogo vikishonwa kwa hatua ndefu vinaachia.

Kwa kuchorea tumia karatasi ya grafu. Kwa kukatia, chora umbo kwenye boksi gumu. Ukipata picha ya eksirei ya zamani ni bora zaidi, haichakai ukingo na unaona ua lililo chini yake.

Anza na aina hizi tatu za miraba:

A. Vipande vinne. Kata miraba minne ya inchi 2 na robo tatu. Unga viwili viwili, kisha unga pamoja. Unapata inchi 5.

B. Vipande tisa. Kata miraba tisa ya inchi 2. Unga mistari mitatu ya vitatu vitatu, kisha unga mistari. Unapata inchi 5 tena.

C. Pembetatu nane. Kata miraba miwili ya rangi nzito na miwili ya amerikani, kila mmoja inchi 3 na robo. Weka mzito na mweupe uso kwa uso, chora mstari kona kwa kona, shona robo inchi huku na robo inchi kule, halafu kata kwenye mstari. Kila jozi inakupa miraba miwili ya rangi mbili. Ipunguze yote minne iwe inchi 2 na robo tatu, kisha iunge kama A. Ukiigeuzageuza unapata maumbo mengi tofauti.

Ile yenye mviringo na majani, ambayo kipande kinashonwa juu ya kingine kwa mkono, iache mpaka mkono uzoee. Kwenye mfarishi wa kale imo mingi na ndiyo inayokula muda.

Piga pasi kila ukimaliza mshono mmoja. Usisugue, bonyeza na kuinua. Mishono ya mstari mmoja ilalie kulia, wa chini yake ilalie kushoto, ndipo kona zitakutana vizuri. Na wenye pasi ya mkaa, tafadhali, pulizia majivu nje kabla hujasogea kwenye amerikani.

KUUNGA NA KUBANA TABAKA

Kati ya mraba na mraba weka utepe wa inchi 1. Ukishashonwa unaonekana nusu inchi. Miraba mitatu na tepe mbili inakupa inchi 15 kabla ya mshono wa mwisho. Zungusha ukingo uliokatwa inchi 1 na robo, unapata inchi 16 na nusu. Nyuma ikishashonwa, foronya yako ni inchi 16 kamili. Ukipata tofauti, usivute kitambaa kilazimike. Rudi kwenye plasta, umeshona nje ya mstari mahali.

Sasa tabaka. Tandaza amerikani chini, weka pamba nyembamba juu yake, au kipande cha blanketi jepesi lililokwisha kufuliwa, kisha uso wako wa vipande. Piga bandi kuanzia katikati kwenda nje, kila baada ya upana wa kiganja. Ukianza pembeni, katikati kutavimba. Halafu shona mistari ya kubana, kwa mkono au kwa cherehani, ukifuata maungio ya vipande. Ukimaliza fumua bandi, weka zipu na nyuma. Kama ni blanketi la mtoto au la kitanda, huweki zipu, unamalizia ukingo kwa utepe uliokatwa mshazari.

Wa milimani wana adui mmoja zaidi: unyevu. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unaweza kukaa mpaka saa nne asubuhi, na wakati wa masika nguo hazikauki. Pamba iliyofungwa kwenye nailoni ikiwa na unyevu kidogo tu inaota kuvu njiani. Anika ndani penye upepo siku mbili kabla ya kufunga. Ishike nyuma ya kiganja: ukihisi ubaridi, bado mbichi.

LEBO: JAMBO DOGO LINALOPANDISHA BEI

Mama Jane aliandika mwaka, idadi ya vipande na jina lake. Ndiyo maana leo tunajua ni kazi ya nani. Mifarishi mingi ya kale haina jina, na aliyeshona amesahaulika kabisa. Usikubali hilo likupate.

Shona kipande cha amerikani kwa nyuma na uandike kwa uzi au kwa kalamu ya kitambaa:

Jina lako. Lushoto, Tanga. Mwaka ulioshona. Idadi ya vipande. "Nakala ya miraba tisa kutoka mfarishi wa Jane A. Stickle, 1863."

Hiyo lebo inafanya kazi tatu. Inamlinda mteja asidanganywe na mtu wa tatu atakayeuza tena baadaye. Inakulinda wewe. Na inamwonyesha mnunuzi kwamba kuna mtu mwenye jina nyuma ya kazi.

BEI: USIJIIBIE MWENYEWE

Huu ni mfano, wewe weka namba za soko lako.

Vipande na mashati ya mitumba: 3,000
Amerikani: 4,000
Pamba: 3,000
Uzi na zipu: 2,000
Kifungashio: 1,500
Jumla ya vifaa: 13,500

Bando la intaneti: 1,000
Mafuta na matengenezo ya cherehani: 1,500
Jumla: 2,500

Muda: miraba tisa saa 9, kuunga na kubana saa 4, kumalizia saa 2, picha na kufunga saa 1. Jumla saa 16. Kwa 2,000 kila saa: 32,000.

Gharama yote: 48,000. Ongeza robo yake kama faida ya biashara, 12,000. Bei: shilingi 60,000, nauli ya mzigo pembeni.

Najua unachosema. "Nani atanunua mto elfu sitini, sokoni ipo ya elfu kumi?" Ile ya elfu kumi imetoka kiwandani na anayeinunua siyo mteja wako. Sasa angalia ukiogopa ukauza 25,000. Toa vifaa na gharama nyingine, 16,000. Unabaki na 9,000. Gawanya kwa saa 16. Umejilipa shilingi 560 hivi kwa saa. Hapo mteja anafurahi, followers wanapongeza, na wewe mwisho wa mwezi unakopa hela ya luku. Bora ushone sare.

Kama 60,000 haiendi kabisa, usipunguze bei, punguza kazi. Shona mraba mmoja, uuweke kwenye fremu ya kutundika ukutani. Au miraba miwili iwe kishikio cha sufuria. Saa zinapungua, bei inashuka, na heshima ya mkono wako inabaki palepale.

PICHA NA MAJIBU YA INBOKSI

Picha ziwe nne. Ya kwanza mto mzima kwenye kochi au kitanda. Ya pili karibu, kona zilivyokutana. Ya tatu nyuma, lebo isomeke. Ya nne futikamba juu yake ionyeshe inchi 16. Piga asubuhi nje kwenye kivuli. Ule mwanga wa Lushoto wenye ukungu unaonyesha rangi ilivyo, jua la saa saba linaidanganya. Usiweke filta. Rangi mteja aliyoiona ndiyo anayotegemea kupokea.

Maelezo mafupi yanatosha: "Foronya ya mto, inchi 16, pamba tupu. Miraba tisa, vipande 54, imeshonwa Lushoto. Ni nakala mpya kutoka mfarishi wa Marekani wa mwaka 1863. Hakuna mwingine wenye mpangilio huu. Tsh 60,000."

Hesabu vipande kweli. Mtu akihesabu akapata 51, ameanza kutilia shaka na mengine.

Na maswali yatakuja hivi:

"Habari dada, hii ni ya kale kweli?"
"Salama kaka, karibu sana. Hapana, hii ni mpya, nimeishona mwenyewe mwezi huu. Mchoro ndiyo wa kale, wa 1863. Ule halisi uko makumbusho Marekani."

"Mbona bei kubwa mama?"
"Ni kweli siyo ya kiwandani baba. Ina vipande 54 na saa 16 za kazi. Ninayo pia ndogo ya kutundika, nikutumie picha?"

Umeona? Hujagombana, hujajitetea sana, na hujashusha bei. Umempa njia nyingine.

Kwa oda kubwa chukua nusu kabla hujakata kitambaa, na mkubaliane rangi kwa maandishi kwenye WhatsApp. Mpe tarehe ya kweli, yenye nafasi ya masika, kwa sababu mvua ikikata barabara ya mlimani basi lenye mzigo wako halishuki. Mwandikie na namna ya kufua: maji baridi, sabuni kidogo, asikamue kwa kusokota, aanike kivulini.

KAZI YA WIKI HII

Mwaga lile gunia la chini ya meza. Tenga pamba tupu upande mmoja. Fua, piga pasi, kata mraba mmoja wa aina A, mmoja B, mmoja C. Shona, kisha upime kwa rula. Kama yote mitatu imefika inchi 5 kamili, una biashara mkononi. Kama haijafika, sogeza plasta na urudie. Kosa la kujifunzia likutokee kwenye mabaki, siyo kwenye oda ya mtu.

Ukimaliza tutumie picha ya mraba wako wa kwanza kwenye komenti, na useme uko wapi. Na kama unamjua fundi anayewashia jiko vipande vyake, mtag hapa.